Mbwa wa Kaure Dirishani kwa Sidsel

Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya supu tu. Mlijue hilo kwanza, maana hapa Ærøskøbing, mji wetu wa kisiwani Denmark, watu hawaishi kusema Thyra anayatafuta mambo. Sikutafuta kitu. Nilitoka kwangu jioni ya Desemba, supu ya nyama na madonge ya unga imefungwa kwa taulo isipoe, nampelekea mdogo wangu Sidsel. Alikuwa anasafisha nyumba tangu asubuhi, na Sidsel akishika ufagio hali.

Jioni zetu za Desemba haziombi ruhusa. Unamaliza kahawa ya mchana, unainua kichwa, nje ni giza. Siku hiyo na ukungu nao ulikuwa umepanda kutoka bandarini, mzito, umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga. Nilishika ukuta nikaenda hatua kwa hatua, maana mawe ya barabara yetu yakilowa hayana huruma na magoti ya mtu wa umri wangu.

Sidsel alikuwa na sababu ya kusafisha. Jumamosi ile alikuwa anaolewa, na jioni hiyo ya supu Preben alikuwa anahamia kwake. Preben ni fundi wa madirisha ya kale. Alikuja kisiwani kurekebisha madirisha ya kanisa, akarekebisha ya nusu ya mji, mwisho akafika kwa mdogo wangu na hakuondoka tena. Mtu mfupi, mpole, anacheka kwa mabega. Nilimpenda kabla Sidsel hajakubali kwamba anampenda. Asubuhi alikuwa amevuka kwenda Svendborg kuchukua vifaa vyake na kabati la marehemu mama yake, arudi na feri ya jioni.

Kabla ya Preben kulikuwa na Villads.

Villads alikuwa baharia. Meli yao ya mizigo ilizama Bahari ya Kaskazini, ni zaidi ya miaka kumi sasa, na hakikupatikana hata kiatu. Hakuna kaburi. Sidsel alikataa hata jiwe la jina. Kwa miaka yote hiyo mbwa wake walikaa dirishani wakitazama nje.

Nizungumzie hao mbwa, maana bila wao hamtanielewa. Kwetu kila nyumba ya baharia ina mbwa wawili wa kaure, weupe, masikio ya rangi ya chai, wamekaa kwenye ubao wa dirisha la mbele. Mume akiwa baharini, mke anawageuza watazame barabarani, wamngojee. Mume akirudi, anawageuza watazame ndani. Ndivyo walivyofanya bibi zetu. Ukipita barabarani unajua nyumba gani ina mwanamume na ipi haina, na wambea wanapata nafasi ya kupumua, dirisha linawafanyia kazi.

Basi nikafika chini ya dirisha la Sidsel, nikainua macho kwa mazoea.

Mbwa walikuwa wamenipa mgongo.

Nilisimama. Kwanza nilifurahi, Mungu ananiona. Nikasema moyoni, hatimaye, mdogo wangu amerudi duniani. Halafu nikasikia honi ya feri. Ilikuwa mbali bado, nje kabisa ya bandari, inapapasa ukungu taratibu. Preben alikuwa ndani ya feri hiyo. Nikanuna kidogo. Haraka ya nini? Si angengoja mtu akanyage sakafu kwanza?

Mlango wa Sidsel ni mfupi kama milango yetu yote, na juu yake imechongwa jua na samaki wawili. Wageni hupanga foleni wakati wa kiangazi kuupiga picha. Nilibisha kwa kiwiko, nikausukuma.

Harufu ndiyo iliyonipokea.

Lami ya kamba. Sufu iliyolowa. Na tope... lile tope jeusi la chini ya gati, linalonuka mayai. Nilikanyaga, kiatu kikapiga chubwi. Ukumbini kulikuwa na maji. Si ya kupigia deki, hakukuwa na ndoo wala povu la sabuni. Yalianzia mlangoni, yakapita mbele ya sebule, yakapanda ngazi.

"Sidsel?"

Nikaurudishia mlango kwa mgongo.

Nikaingia sebuleni. Alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, mshumaa mmoja mezani. Jiko la chuma lilikuwa linawaka vizuri, nauona moto kabisa, lakini chumba kilikuwa baridi hadi pumzi yangu ikaonekana. Hakunitazama. Alikuwa anatazama dari.

Juu, kitu kizito kikaanguka sakafuni.

Tup.

Ninyi mnaoishi nyumba za zege hamjui. Sisi dari zetu ni mbao tu, na mtu akivua kiatu ghorofani unajua ni cha mguu gani. Ile ilikuwa buti. Nilisimama na sufuria yangu, na bila kutaka nikaanza kungojea ya pili. Sidsel naye alikuwa anaingojea. Dada wawili, tumeikodolea dari.

"Preben kafika?" nikanong'ona, ingawa nilijua.

"Bado."

"Sasa huko juu kuna nani?"

Tup.

Kikafuata kikohozi. Kikohozi kifupi, mara mbili, kisha kuvuta pumzi puani. Nimekaa meza moja na kikohozi hicho Krismasi nyingi. Nilikuwa nikimwambia mwenyewe, Villads, tumbaku itakuua, naye anajibu kwamba bahari haitampa tumbaku nafasi.

Niliiweka supu chini.

Sidsel alinieleza kwa mnong'ono, maneno yakigongana. Kwamba mchana, alipomaliza kufuta vumbi, aliwashika mbwa akawageuza ndani. Alitaka Preben akiingia tu barabarani awaone, ajue kwamba kuanzia leo nyumba hii ina mwanamume. Alikuwa anacheka peke yake, akasema. Na hakuwa hata ameondoa vidole kwenye kaure, akasikia komeo la mlango linainuka. Mtu akainama chini ya boriti, akapita nyuma yake, akapanda ngazi. Alimwona mgongo tu. Sweta la buluu, alilolifuma mwenyewe, linachuruzika maji.

"Hakusema kitu?"

"Alisema kuna baridi."

Nilipandwa na hasira, ndivyo nilivyo, nikiogopa nakasirika. Nikaenda dirishani kuwageuza wale wanyama. Nilipomshika wa kwanza nilidhani nimeshika barafu. Sidsel akanidaka mkono.

"Usiwaguse, dada."

"Niache. Nawageuza nje, aondoke alikotoka."

"Ukiwageuza nje, maana yake nini?"

Nikavuta mkono. Hakuniachia.

"Maana yake namngoja," akasema mdogo wangu. "Wakitazama ndani, yupo. Wakitazama nje, namngoja. Hawajui neno la tatu."

Honi ya feri ililia tena, sasa karibu, ndani ya bandari. Kutoka gatini hadi kwa Sidsel ni mwendo wa kumaliza nusu sigara. Nilimwona Preben kichwani mwangu, na mkokoteni wake, na kabati la mama yake, anakuja akiimba puani kama kawaida yake, anakuja kuingia mlango huu akute ngazi zina mtu. Nikamwambia Sidsel tutoke, tukimbie, tukamzuie njiani. Sidsel akatikisa kichwa.

Ngazi ikalia.

Ya juu kabisa. Kisha ya pili yake. Alikuwa anashuka kwa soksi, polepole, na kila alipokanyaga tulisikia soksi inakamuka. Nilitaka kusali, nikakuta nimesahau sala zote nilizofundishwa, nimebaki nayo moja tu ya chakula.

Alisimama mlangoni pa sebule. Nitasema ukweli, sikumtazama usoni. Nilitazama miguu yake, na dimbwi lililokuwa linakua kuizunguka, na kipande cha mwani kilichonata kwenye kifundo. Mpaka leo nashukuru sikuinua macho. Sidsel aliinua.

"Nimewaona mbwa," akasema Villads. Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa na maji ndani yake, lakini ilikuwa yake.

Sidsel aliketi tena kitini.

"Nilidhani nitapotea. Miaka mingi. Lakini hamjabadilisha kitu. Milango ile ile. Rangi zile zile. Hata lile jiwe bovu mbele ya mwokaji lipo."

Na ni kweli. Mji wetu ni fahari yetu, tunakatazwa na sheria hata kubadilisha rangi ya mlango bila kibali, na kibali hakitoki. Ukuta ukiinama tunauegemeza hivyo hivyo umeinama. Dirisha likioza Preben anatengeneza jingine lile lile. Wageni wanakuja kutoka mbali wanasema, jamani, kama wenyewe walitoka jana tu. Na sisi tunajisikia vizuri. Hakuna aliyewahi kujiuliza mji unaokaa vile vile unakaa hivyo kwa ajili ya nani.

Pembeni mwa dirisha kuna kile kioo kidogo kilichofungwa nje, tunachokitumia kuona nani anapita bila sisi kuonekana. Ndani yake nikaona taa inayumba mwanzo wa barabara. Mkokoteni ulianza kusikika juu ya mawe, krr, krr.

"Nani anakuja?" akauliza Villads.

Mdogo wangu alisimama. Alikuwa analia, lakini si ule wa kelele, machozi yalikuwa yanashuka tu kama ya mtu anayekata vitunguu. Akasema, "Ninaolewa, Villads. Jumamosi."

Moto wa jiko ulinyamaza.

Sidsel akawachukua mbwa, mmoja kila mkono, akaenda mbele ya jiko penye sakafu ya mawe. Akamwinua wa kwanza juu ya kichwa. Akampiga chini.

Kaure ilipasuka, vipande vikafika miguuni kwangu. Yule mtu alipiga hatua moja ndani ya chumba, na nikasikia anavuta pumzi kwa shida, anavuta na haiji.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Hilo ndilo linalonitesa. Angetukana ningepona mapema. Aliuliza kama mtu aliyefika nyumba ya wageni akaambiwa hakuna chumba, naye nje kuna baridi, na hana pengine.

Mkono wa Sidsel ulikuwa juu na mbwa wa pili. Ukakaa juu muda mrefu... nikadhani ataushusha amrudishe mbwa dirishani. Mkokoteni ulikuwa unapita kwa mwokaji. Preben alikuwa anaimba.

Akapiga.

Mshumaa ulizimika. Upepo ukapita ubavuni mwangu, umelowa, nikasikia mlango wa mbele unafunguka taratibu na komeo linarudi mahali pake kwa adabu, kama alivyokuwa akilirudisha siku zote ili asiamshe majirani.

Preben alipoingia alitukuta magotini, tunaokota vipande kwenye mwanga wa jiko. Akauliza kulikoni. Nikasema ni mimi, kiwiko changu hiki, nilikuwa napitisha supu. Akacheka kwa mabega.

"Shemeji, wewe mtu akupe chuma, utakivunja." Kisha akaona ukumbi, akasema ukungu wa leo umeingia hadi ndani, akatafuta tambara akaanza kupiga deki mwenyewe, na koti lake mwilini. Nilimtazama mgongo ule mfupi umeinama, nikataka kulia kwa kumpenda.

Jumamosi waliozwa. Sidsel alivaa kijivu, alipendeza, alicheka pale inapopasa kuchekwa. Preben aliweka vyungu viwili vya maua kwenye ubao wa dirisha, akisema mbwa wakipatikana wengine atawanunua. Sidsel akamwambia maua yanatosha. Nikasema, basi, yameisha.

Yangeisha wapi.

Januari iliingia na baridi kavu. Wiki nzima, ya pili, ya tatu, mbingu safi kama sahani, hakuna tone la mvua wala theluji. Na jioni moja, narudi kutoka kwa mwokaji, nikaona nyayo juu ya mawe. Nyayo za soksi, zimelowa, kingo zake zimeanza kuganda. Zilikuwa zinapita chini ya madirisha. Zinasimama, zinageuka ukutani, zinaendelea. Penye nyumba isiyo na mbwa hazikusimama. Penye mbwa wanaotazama nje zilisimama kidogo zikaondoka.

Nilizifuata. Ungefanya nini? Nilizifuata hadi nyumba ya manjano pembeni ya uwanja wa soko.

Ile ni nyumba ya familia kutoka Kopenhagen. Wanakuja kiangazi na Pasaka, siku nyingine imefungwa, na mimi ndiye ninayekaa na ufunguo, naingia mara moja moja kuangalia mabomba yasipasuke. Watu wazuri, wanaipenda nyumba kuliko sisi tuliozaliwa humu. Kila kitu ndani wamekitafuta cha kale, mpaka mbwa wa kaure, waliowanunua duka la vitu vikuukuu. Wamewaweka watazame ndani, ili wakikaa kwenye kochi wawaone nyuso zao nzuri. Hatukuwahi kuwaambia. Mji mzima tunawacheka chinichini, na kuwaambia hatuwaambii.

Nyayo ziliishia kwenye ngazi ya mlango.

Kioo cha dirisha kilikuwa kina ukungu kwa ndani, kama cha jikoni mtu anapochemsha. Nikatia ufunguo. Haukuzunguka, maana mlango haukuwa umefungwa. Lami. Sufu. Tope.

Sidsel alikuwa amekaa kwenye kochi la watu, gizani, na sindano zake za kufuma. Mezani kulikuwa na sahani mbili, mkate wa shayiri nyeusi na samaki wa siki. Mbele yake kulikuwa na kiti. Kiti kilikuwa kitupu, na mto wake ulikuwa umebonyea, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka ukingoni mwake. To... to... to.

"Uliingiaje humu?" nikamuuliza, kwa sababu ndilo swali pekee lililokuja.

"Nilifunguliwa."

Nilimshika mkono nimvute. Mdogo wangu, mwanamke wa kazi, mwenye viganja vya moto siku zote, mkono wake ulikuwa baridi hadi mfupani na kucha zimeingia rangi ya buluu. Nikamwambia amekonda, nikamwambia ana mume hai anayemngoja na chakula, nikamwambia kila kitu. Aliendelea kufuma. Ilikuwa sweta.

"Nilimtoa nyumbani kwake wakati wa baridi, dada," akasema. "Akauliza atakaa wapi, na sikumjibu. Sikuweza kulala. Hapa angalau ni pakavu."

Nikawatazama mbwa wa wenye nyumba. Sidsel akaona ninakotazama, akatabasamu, tabasamu la kunihurumia.

"Wavunje," akasema. "Nyumba za kiangazi mji huu ni nyingi. Na wote wamewageuza ndani."

Sikuwavunja. Nilikaa nao kidogo, nikiwa nimesimama, kisha nikatoka nikaurudishia mlango, maana nilihisi nimeingia chumba cha watu wawili bila kubisha. Tangu siku ile nimeshindwa kupata la kufanya. Kwa mchungaji nilikwenda, nikaishia kununua kadi za sadaka. Preben kumwambia, nitaanzaje? Mwanamume anayeamka asubuhi anatengeneza madirisha ya watu yawe kama yalivyokuwa, nimwambie mkeo jioni huwa wapi?

Jana alinisimamisha yeye, pale mbele ya mwokaji. Alikuwa amebeba mkate na uso wa mtu asiye na deni na yeyote. Akanishukuru. Akasema anafurahi kwamba mimi na Sidsel tumeshikana hivi, kwamba jioni zote anakuja kwangu tunafuma pamoja, maana alikuwa anaogopa Sidsel atakuwa mpweke akiacha kumngoja yule marehemu.

Nikamwambia ndiyo, tunafuma.

"Ila nisaidie kitu kimoja, shemeji," akasema Preben. "Mwambie avae koti la mvua. Kila akitoka kwako anarudi amelowa mpaka shingoni, na usiku nikimkumbatia hapati joto."

Mbingu juu yetu ilikuwa safi, na mawe ya barabara yalikuwa meupe kwa ukavu.

Nikamwambia nitamwambia.